Kusimama kama nguzo

Kusimama kama nguzo (kwa Kichina: 站樁; kwa herufi za Kilatini *zhan zhuang*, hutamkwa takriban "jan jwang") ni zoezi la sanaa za mapigano za China ambapo mtu husimama bila kuhama mahali pake, katika mkao maalumu, kwa dakika chache hadi saa nzima. Zoezi hili hutumika hasa katika sanaa zinazoitwa "za ndani", yaani taichi, xingyi, bagua na yiquan. Kusudi lake kuu ni kumfundisha mwanafunzi kuufahamu mwili wake: uzito umekaa wapi, misuli ipi inafanya kazi isiyo ya lazima, na viungo vimepangika vipi.

Kwa mtazamaji zoezi hili huonekana kama kutofanya chochote. Kwa anayelifanya, baada ya dakika tano mapaja huanza kuwaka, mabega hupanda yenyewe, na makosa ya mkao ambayo hayakuonekana wakati wa kutembea hujitokeza wazi.

## Jina

Neno *zhan* maana yake ni kusimama, na *zhuang* ni nguzo au mti uliochomekwa ardhini, kama ule wa kufungia mnyama au wa kuanzia msingi wa nyumba. Wazo ni kwamba miguu iwe imara kama mti uliozama ardhini, huku sehemu ya juu ya mwili ikibaki nyepesi. Katika nchi nyingine zoezi hujulikana pia kwa jina la "kusimama kama mti" au "kukumbatia mti", kwa sababu mkao mmoja maarufu huonekana kama mtu aliyezungushia shina mikono.

## Historia

Mikao ya kusimama imo katika karibu mitindo yote ya mapigano ya China. Mkao wa "mpanda farasi" (*mabu*), ambapo miguu hupanuliwa na magoti kukunjwa sana, hutumika kuimarisha mapaja ya wanafunzi wapya hata katika mitindo ya Shaolin, ambayo huitwa "ya nje".

Mgawanyo wa sanaa za ndani na za nje unaonekana katika maandishi ya mwaka 1669, pale mwanachuoni Huang Zongxi alipoandika maneno ya kaburi la mpiganaji Wang Zhengnan. Mwanzoni mwa karne ya 20 Sun Lutang (1860–1933), aliyekuwa amejifunza xingyi, bagua na taichi, aliandika vitabu vilivyozieneza sanaa hizo tatu kama jamii moja. Tangu hapo neno "za ndani" hutumika zaidi kwa sanaa zinazotanguliza mpangilio wa mwili, utulivu na utumiaji wa mwili mzima kwa pamoja, kuliko nguvu ya msuli mmoja mmoja.

Aliyelifanya zoezi la kusimama kuwa kiini cha mafunzo ni Wang Xiangzhai (1885–1963) kutoka jimbo la Hebei. Alikuwa mwanafunzi wa Guo Yunshen, mwalimu maarufu wa xingyi. Wang aliona kwamba wanafunzi wengi walikariri mfululizo mrefu wa miondoko bila kujua miili yao inafanya nini. Katika miaka ya 1920 alianza kufundisha mtindo wake aliouita yiquan ("ngumi ya nia"), ambao hauna mfululizo wa kukariri. Mwanafunzi huanza kwa kusimama, kisha hujaribu mwendo mdogo, kisha hatua, na mwishowe kusukumana na mwenzake. Baada ya mwaka 1949 Wang alifundisha zaidi kusimama kwa ajili ya afya.

Mwaka 1956 serikali ya China ilitoa mfululizo mfupi wa taichi wenye miondoko 24, ambao ulienea katika shule, viwanda na bustani za miji. Mwaka 2020 UNESCO iliiweka taichi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

## Mikao mikuu

Mkao wa mwanzo (*wuji*). Miguu hupanuliwa kwa upana wa mabega, nyayo zikielekea mbele. Magoti hulegezwa kidogo, mikono huning'inia kando, na kichwa hunyooka kana kwamba kimevutwa juu kwa uzi kutoka utosini.

Kukumbatia mti. Miguu hubaki vilevile. Mikono huinuliwa mbele ya kifua ikifanya duara, viwiko vikiwa chini ya mabega, vidole vimeachana. Ndio mkao unaotumika zaidi katika yiquan.

Mkao wa sehemu tatu (*santi*). Ni msingi wa xingyi. Mguu mmoja hutangulia na sehemu kubwa ya uzito hubaki kwenye mguu wa nyuma. Mkono mmoja hunyooshwa mbele, mwingine hukaa karibu na kitovu. Sehemu tatu zinazotajwa ni mbingu, dunia na mtu. Mwanafunzi hubadilisha upande anapochoka.

Kuzunguka duara. Katika bagua, sanaa iliyoenezwa Beijing na Dong Haichuan (aliyefariki mwaka 1882), mwanafunzi hutembea kwa kufuata duara huku kiwiliwili na mikono vikishika mkao mmoja. Ni kusimama kunakofanywa juu ya miguu inayotembea.

## Namna ya kufanya

Walimu hutofautiana, lakini maelekezo yafuatayo ni ya kawaida kwa mwanafunzi mpya:

1. Kusimama mahali tambarare, bila viatu au kwa viatu vyenye soli nyembamba, tumbo likiwa si tupu wala halijashiba sana.
2. Kuhisi nyayo kwanza. Uzito usambae kati ya kisigino na sehemu ya mbele ya unyayo, bila kuegemea ukingo wa nje au wa ndani.
3. Kulegeza magoti yaelekee upande wa vidole vya miguu. Yasifungwe kwa nyuma, wala yasiingie ndani.
4. Kuacha kiuno kishuke kana kwamba mtu anataka kuketi kwenye kigoda kirefu, ili mgongo wa chini usipinde.
5. Kushusha mabega na kulegeza taya. Pumzi iingie na kutoka puani bila kulazimishwa.
6. Kupitisha fikra polepole kutoka utosini hadi nyayoni, kutafuta mahali palipokaza, kupalegeza, kisha kuanza tena.

Siku za mwanzo dakika mbili hadi tano zinatosha. Muda huongezwa kidogo kidogo kwa majuma na miezi. Mwanafunzi anayesimama dakika tano kila siku huwa na faida kuliko anayesimama nusu saa mara moja kwa mwezi.

Hatua ya sita ndiyo inayotofautisha zoezi hili na adhabu ya kusimama. Mtu aliyeadhibiwa kusimama hukaza mwili na kungoja muda uishe. Mwanafunzi wa sanaa za ndani huutumia muda huohuo kuchunguza. Misuli mikubwa ya nje inapochoka, haiwezi tena kuendelea kufanya kazi isiyo yake, na mtu hulazimika kutafuta mpangilio ambao mifupa na misuli ya ndani hubeba uzito kwa gharama ndogo. Kwa sababu hiyo uchovu wa kiasi huhesabiwa kuwa sehemu ya somo.

Mara nyingi mwalimu humpima mwanafunzi kwa kumsukuma taratibu kwenye mkono, bega au kiuno. Aliyekakamaa huanguka mzimamzima kama ubao. Aliyelegea kupita kiasi hupinda mahali aliposukumwa. Anayetafutwa ni yule ambaye msukumo hupita mwilini mwake na kufika ardhini bila yeye kuhama.

## Mwili unavyojitambua

Uwezo wa kujua viungo vilipo bila kuvitazama huitwa hisi ya mkao wa mwili. Mwingereza Charles Sherrington ndiye aliyeipa jina la kitaalamu mwaka 1906. Hisi hii hutegemea vipokezi vidogo vilivyo ndani ya misuli, ambavyo hupima urefu wake, na vingine vilivyo kwenye kano, ambavyo hupima mvutano. Vipokezi vya viungo na vya ngozi, hasa ya nyayo, huongeza habari. Ubongo huunganisha habari hizo na zile za macho na za sikio la ndani, ambalo hupima mwinamo na mwendo wa kichwa.

Thamani ya hisi hii huonekana inapopotea. Mwaka 1971 Mwingereza Ian Waterman, akiwa na umri wa miaka 19, aliugua ugonjwa ulioharibu neva zinazopeleka hisi hiyo kutoka shingoni kwenda chini. Misuli yake haikupooza, lakini hakuweza kusimama wala kushika kitu. Alijifunza upya kutembea kwa kuvitazama viungo vyake na kufikiria kila hatua. Taa ikizimwa ghafla, alianguka. Madaktari hutumia kanuni hiyohiyo katika kipimo cha Romberg: mgonjwa husimama akiwa ameunganisha miguu, kisha hufumba macho. Akiyumba sana au kuanguka, huenda hisi ya mkao au sikio la ndani lina tatizo.

Hata mtu mwenye afya hasimami tuli kabisa. Mwili huyumba kidogo mfululizo, na misuli ya vifundo vya miguu na nyonga huurudisha katikati. Katika shughuli za kila siku marekebisho hayo hufanyika bila mtu kuyatambua. Kusimama kama nguzo hupunguza shughuli nyingine zote ili marekebisho hayo yaweze kuhisiwa. Wanafunzi wengi hugundua kwanza kwamba huegemea mguu mmoja, kwamba bega moja liko juu kuliko lingine, au kwamba huzuia pumzi wanapofikiri.

Mapokeo ya Kichina hueleza mambo haya kwa neno *qi*, yaani pumzi au nguvu ya uhai inayopita mwilini. Joto la viganja, mtetemeko wa miguu na hisia ya kujaa mikononi husemwa kuwa ni dalili za mwendo wake. Fiziolojia huzieleza dalili hizohizo kwa mzunguko wa damu, uchovu wa misuli na usikivu ulioongezeka. Hakuna kipimo kilichothibitisha kuwapo kwa *qi* kama nguvu ya pekee. Hata hivyo walimu wengi huendelea kulitumia neno hilo kama lugha ya kuelekeza: kumwambia mwanafunzi "shusha qi" humfanya alegeze kifua na kuhisi nyayo haraka kuliko kumtajia majina ya misuli.

## Faida na mipaka yake

Tafiti nyingi zimefanywa juu ya taichi kwa ujumla kuliko kusimama peke yake. Mwaka 2012 Fuzhong Li na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa watu 195 wenye ugonjwa wa Parkinson. Waliofanya taichi mara mbili kwa wiki kwa wiki 24 walikuwa na mizani bora ya mwili na walianguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2019 yalikadiria kwamba mazoezi kwa jumla hupunguza kuanguka kwa wazee kwa takriban asilimia 23, na kwamba taichi huenda ikapunguza kwa takriban asilimia 19.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, wengi wao wakiwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi hapati tena uwezo wa kutembea peke yake. Zoezi lisilohitaji vifaa, uwanja wala ada linaweza kufanywa na watu wengi.

Kusimama hakutibu magonjwa yote, ingawa madai ya namna hiyo husikika. Wala hakumfanyi mtu kuwa mpiganaji bila mazoezi ya mwendo na ya kukabiliana na mwenzake.

Tahadhari zinazotolewa ni hizi:

* Magoti yaliyofungwa kwa muda mrefu hufanya damu ibaki miguuni na mtu anaweza kuzirai. Yalegezwe daima.
* Kuwaka kwa msuli wa paja ni kawaida. Maumivu makali ndani ya goti si kawaida, na zoezi lisimamishwe au mkao uinuliwe.
* Wenye shinikizo la juu la damu, ugonjwa wa moyo au kizunguzungu, na wajawazito, wapate ushauri wa daktari kwanza na wasishike mikao ya chini.
* Mzee asiye na uhakika wa miguu yake asimame karibu na ukuta au kiti kizito.

## Afrika Mashariki

### Njia za kuingia

Mafunzo ya mwili ya Kichina yalifika Tanzania mapema baada ya uhuru. Mwaka 1965 vijana 20 wa Tanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi. Walirudi mwaka 1969 na kuunda kikundi cha taifa cha sarakasi. Sarakasi si sanaa ya ndani, lakini msingi wake wa Kichina unafanana na zoezi hili: mwanafunzi hushika mkao mmoja, kwa mfano kusimama kwa mikono, kwa muda mrefu kabla ya kufundishwa miruko.

Filamu za Hong Kong, hasa zile za Bruce Lee (1940–1973), ziliifanya kungfu ijulikane mijini. Zilionyesha mateke na ngumi zaidi kuliko mazoezi ya utulivu. Karne hii vyuo vimekuwa njia nyingine. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianzishwa mwaka 2005 ikiwa ya kwanza barani Afrika, na mwaka 2013 zilifuata zile za Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi yake ni kufundisha Kichina pamoja na utamaduni wa China.

### Kubeba mzigo kichwani

Afrika Mashariki yenyewe ina mazoea ya muda mrefu yanayofundisha hisi ya mkao bila kuitwa mazoezi. Lililochunguzwa zaidi ni kubeba mzigo kichwani. Mwaka 1986 G. M. O. Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kenya: Waluo waliobeba mzigo utosini na Wakikuyu waliobeba kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kuongeza matumizi ya nishati. Utafiti wa mwaka 1995 ulieleza sababu: katika kila hatua mwili wao ulibembea kama timazi kwa ufanisi zaidi, hivyo nishati ndogo ilipotea. Tafiti za baadaye nchini Afrika Kusini hazikupata nafuu hiyo kwa wabebaji wote; tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa. Hilo linaonyesha kwamba ni ujuzi unaopatikana kwa kufanya, wala si kipaji cha kuzaliwa cha jamii fulani.

### Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa

Katika wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, na kando ya ziwa chini ya milima ya Livingstone, mazoea ya aina hii ni sehemu ya kazi. Ndoo za maji, mikungu ya ndizi na mizigo ya mpunga hubebwa kichwani. Vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa upande wa mashariki wa mwambao huo, husafirishwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe hadi eneo la Matema kwa ajili ya kuuzwa. Mwenye chungu kichwani hawezi kutazama chini. Hulazimika kuijua njia kwa nyayo, kulegeza magoti na kuweka shingo wima, mambo ambayo mwanafunzi wa taichi hufundishwa kwa maneno.

Mtumbwi wa gogo ni mfano mwingine. Umbo lake ni jembamba na hauna kitu cha kuuzuia kupinduka. Mvuvi anayesimama kutupa au kuvuta wavu akikakamaza miguu, kila wimbi humtikisa pamoja na mtumbwi, na chombo huinama. Akilegeza vifundo, magoti na nyonga, mtumbwi huyumba chini yake na kiwiliwili hubaki palepale. Kanuni ni ileile ya mwanafunzi anayesukumwa na mwalimu: chini pafuate, juu patulie. Tofauti ni kwamba kwa mvuvi adhabu ya kosa si kusahihishwa bali kuingia majini, na ziwa hilo hujulikana kwa upepo wa ghafla na mawimbi makubwa.

Wanyakyusa wa eneo hilo walikuwa pia na mafunzo ya mwili yaliyohusiana na vita. Wanaanthropolojia Godfrey Wilson na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko katika miaka ya 1930, walieleza ngoma za wanaume waliocheza na mikuki katika maziko. Ngoma hizo zilikuwa za mwendo, na hakuna uhusiano wa kihistoria kati yake na sanaa za China.

Kinachotenganisha mazoea haya na kusimama kama nguzo ni namna ya kujifunza. Mtoto wa mwambao hujifunza kwa kufuata wakubwa, na ujuzi hukaa mwilini bila kuelezwa. Sanaa za ndani huchukua ujuzi wa namna hiyo, huutenga na kazi, huupa majina na hatua, na hivyo huweza kumfundisha mtu mzima asiyekua akibeba ndoo wala kupiga kasia. Kwa mtu aliyekwisha kuwa na ujuzi huo, kusimama tuli kwa dakika chache humwonyesha kile ambacho miguu yake ilikuwa ikikijua siku zote.